Mituweli ilianza jirani na kambi yetu: historia fupi ya kadi ya matibabu

Leo sitaandika juu ya vita wala njia tulizopita. Nataka tuongee juu ya kadi ya matibabu, maana mwaka jana nilimwona rafiki yangu akiteseka juu ya jambo ambalo angeweza kulijua mapema.

Huyo kijana alitoka kambini akaja Kigali kutafuta maisha. Akapata kazi ya kubeba mizigo sokoni, akapanga chumba na wenzake. Siku moja tumbo likamkata usiku. Tulimfikisha hospitalini, wakamuuliza, "Una mituweli?" Akatoa kitambulisho chake cha mkimbizi. Wakaangalia kwenye mashine: hakuna kitu. Jina lake lilikuwa bado liko kambini, na kambini matibabu yanapitia kliniki ya kambi. Tulichanga usiku ule, huyu elfu mbili, huyu elfu tano. Alipona, asante Mungu. Lakini deni tulilibeba miezi mitatu.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza wazee na kusoma: hii mituweli ilitoka wapi, na sisi tuliingia lini?

Kusaidiana kwa ugonjwa Rwanda ni kitu cha zamani. Wazee wanasimulia juu ya ingobyi, ile machela ya kusuka. Mtu akizidiwa, majirani walipokezana kumbeba mabegani kwenye vilima mpaka kwa mganga au hospitalini. Leo unabeba wa jirani, kesho watabeba wa kwako. Baadaye vikaja vyama vya kuchangia matibabu, kama Muvandimwe kule Kibungo mwaka 1966 na Umubano mu Bantu kule Butare mwaka 1975. Ni wazo lilelile la ingobyi, ila sasa wanabeba kwa pesa.

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 matibabu yalitolewa bure kwa muda, kwa sababu watu hawakuwa na kitu. Mwaka 1996 malipo yakarudi. Watu wakaacha kwenda kutibiwa. Mwaka 1999 hesabu ilikuwa wastani wa mara 0.25 kwa mtu kwa mwaka, yaani watu wanne wakigawana safari moja ya kwenda kituo cha afya. Si kwamba hawakuugua. Walikuwa wanaugulia nyumbani.

Ndiyo maana mwezi wa 7 mwaka 1999 serikali ikajaribu mituweli katika wilaya tatu za afya: Kabgayi, Kabutare na Byumba. Familia ya watu mpaka saba ililipa franga 2,500 kwa mwaka. Angalia hapo: tangu mwanzo hesabu ilikuwa ya familia.

Sasa mimi nilipofika kwenye neno Byumba nikasimama. Kambi ya Gihembe, ambako mama yangu alinizalia, ilikuwa juu ya mlima karibu kabisa na Byumba. Ilifunguliwa mwaka 1997 kwa Wakongomani. Kwa hiyo mituweli ilizaliwa jirani yetu, tukiwa tayari tuko pale. Sisi tulikuwa na kliniki yetu ya kambi, ya bure, na ilituokoa wengi. Lakini yalikuwa maisha mawili kwenye mlima mmoja: wao na kadi yao, sisi na kliniki yetu.

Kwa wenzetu mambo yaliendelea. Kwa sheria, kila mtu anayeishi Rwanda akatakiwa kuwa na bima ya afya. Mwaka 2011 mchango wa franga 1,000 kwa kila mtu ukabadilishwa, ukawa 2,000, 3,000 au 7,000 kulingana na uwezo wa nyumba. Mwaka 2015 mituweli ikatolewa Wizara ya Afya ikapewa RSSB.

Na sisi? Septemba 2016, kwenye mkutano wa viongozi kule New York, Rwanda iliahidi kuwaingiza wakimbizi kwenye mifumo ya nchi, na bima ya afya ikiwemo. Mwaka 2019 serikali na UNHCR wakakubaliana, wakimbizi wa mjini na wanafunzi wa bweni wakaanza kuingia mituweli, UNHCR ikiwalipia mchango. Hesabu mwenyewe: kutoka Byumba 1999 mpaka hapo ni miaka 20. Gihembe yenyewe ilifungwa 2021, watu wakapelekwa Mahama.

Basi kwa kijana mkimbizi leo milango iko mitatu, na kila mmoja una masharti yake.

Wa kwanza ni kliniki ya kambi. Kama jina lako liko kambini, huo ndio mlango wako. Ukihitaji hospitali, kliniki ndiyo inakuandikia transfa. Ukiwa Kigali bila kubadilisha andiko lako, uko mbali na mlango wako.

Wa pili ni mituweli. Unaanzia kituo cha afya, unalipa franga 200. Ukipewa transfa ya hospitali unalipa asilimia 10 ya bili. Ukiruka kituo bila kuwa na dharura, utalipa mwenyewe. Na kumbuka ile familia ya 1999: mchango unahesabiwa kwa nyumba nzima, si kwa mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo mtoto akizaliwa, andikisha mapema.

Wa tatu ni bima ya kazi. Ile ya RSSB, ambayo watu bado wanaiita RAMA, ilianza 2001 kwa watumishi wa serikali. Inakata asilimia 7.5 ya mshahara wako, mwajiri anaongeza 7.5. Ukitibiwa inalipa asilimia 85, na inakubaliwa kwenye kliniki na maduka ya dawa mengi ya binafsi. Ukipata mkataba, usiangalie mshahara tu. Uliza: bima ni ipi, na mke na watoto wamo?

Kuna kitu kingine sikukijua. Tangu 2020 kila mwenye mshahara Rwanda anakatwa asilimia 0.5 ya mshahara wake wa mkononi kusaidia mituweli. Na mkimbizi mwenye mkataba naye anakatwa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema wakimbizi wanabebwa tu, mwambie taratibu: kwenye ingobyi hii baadhi yetu tumeshaweka bega.

Rafiki yangu sasa amebadilisha andiko lake, yuko kwenye orodha ya mjini. Alisumbuka kidogo na karatasi, lakini amemaliza. Wewe unayesoma, wiki hii, kabla hujaumwa, nenda kaulize: jina langu liko wapi, na nyumba yetu wote tumo? Usiku wa maumivu si wakati wa kuuliza.