Utii kwa Mamlaka ya Kiraia na Sifa ya Chuo cha Kijeshi cha Monduli, 1964–1992

Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, mkoani Arusha, aghalabu husifiwa kuwa chimbuko la utii wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kwa mamlaka ya kiraia. Makala hii inalihoji dai hilo. Hoja yake ni kwamba chuo kiliurithi utii huo, hakikuuasisi. Na kwamba uzito wa sifa yake upimwe kwa yaliyofuata baada ya jeshi kutenganishwa na chama.

Chanzo cha suala hili ni Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, walipoasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Maasi yalizimwa Januari 25 na wanajeshi wa Uingereza, fedheha kubwa kwa taifa lililopata uhuru Desemba 1961. Kikosi kilivunjwa, na Septemba 1 JWTZ likaundwa chini ya Mrisho Sarakikya, mhitimu wa Sandhurst. Askari wapya walitafutwa miongoni mwa vijana wa TANU. Hivyo, chuo kilipoanzishwa Kurasini mwaka 1969, uhusiano wa jeshi na chama ulikwisha kujengwa. Jina lake la awali, Chuo cha Taifa cha Uongozi, ladhihirisha kuwa ofisa alitazamwa kwanza kama kiongozi. Chuo kilihamia Monduli mwaka 1976.

Hata hivyo, elimu ya siasa haikuwa kinga kamili. Mwaka 1983 ilifichuliwa njama ya kuipindua Serikali, na miongoni mwa washtakiwa walikuwamo maofisa wa jeshi.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa na wanajeshi kukatazwa uanachama wa vyama. Jakaya Kikwete, aliyepata kuwa mkufunzi mkuu wa siasa Monduli katika miaka ya 1980, alistaafu jeshi akiwa luteni kanali, akabaki katika siasa. Chama kiliondoka kambini, utii ukabaki. Ofisa aliyefunzwa kukitumikia chama alitakiwa sasa kuitumikia Katiba, na serikali yoyote itakayochaguliwa. Sehemu hiyo ya mwisho bado haijapimwa, kwa kuwa CCM haijawahi kukabidhi madaraka kwa chama kingine.