Kutoka Panzi hadi Zimwi: Kisa cha Masala Kulangwa na Ufundishaji wa Kusoma Nyamagana

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kisa cha Kisukuma cha Masala Kulangwa sambamba na kisa cha Nunda kilichochapishwa na Steere (1870). Yanadai kwamba takriri inayovijenga visa hivi ni nyenzo ya kufundishia kusoma, na kwamba shujaa wake anatofautiana kimsingi na mashujaa wa katuni za kigeni.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania Bara. Kwa watoto wengi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, uamuzi huo ulimaanisha kujifunza mambo mawili kwa pamoja: kusoma na lugha yenyewe. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika mwaka 2015 ulirejesha mkazo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK). Leo, katika mitaa ya Nyamagana, watoto wengi hufika shuleni wakizungumza Kiswahili, nao huwatambua kwa sura Superman, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1938, na Spider-Man wa mwaka 1962. Mwalimu anayetaka kuamsha hamu ya kusoma kwa visa vya mashujaa anayo hazina iliyo karibu zaidi.

2.0 Muundo wa kisa

Katika masimulizi yanayofahamika zaidi, Shing'weng'we amewameza watu na mifugo yote. Amenusurika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mwanawe anapokua anauliza watu wengine wako wapi, kisha anaondoka kumtafuta zimwi huyo. Anaua panzi na kumpelekea mama. Mama anamwambia kuwa huyo siye. Anaua ndege, kisha paa. Jibu ni lile lile. Hatimaye anamuua Shing'weng'we, anampasua tumbo, na watu wanatoka.

Muundo huu ulikuwa umekwisha kuingia katika maandishi ya Kiswahili kupitia hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Steere aliipata Unguja. Humo paka wa Sultani anageuka Nunda mla watu, na kijana anayemsaka anaanza kwa kuua mbwa, akapanda hadi twiga, kifaru na ndovu, huku mama yake akimsahihisha kila mara. Werner (1933) anaonesha kuwa visa vya zimwi mmezaji vimeenea miongoni mwa Wabantu hadi kwa Wasotho. Pwani na Ziwa, basi, havikuhitaji kuazimana shujaa.

Umuhimu wake darasani uko kwenye sentensi. Kauli ya kijana na jibu la mama hurudiwa, na nomino moja tu hubadilika. Msomaji mchanga huizoea sentensi upesi, akabakiza nguvu zake kwa neno jipya. Ugumu uko kwenye jina Shing'weng'we: mfuatano ng'w ni wa kawaida kwa msemaji wa Kisukuma, kama katika ng'wana, yaani 'mtoto', lakini ni mgeni katika jedwali la silabi za Kiswahili. Msimamo wa makala haya ni kwamba jina libaki. Mtoto aliyelisikia likisimuliwa atalitambua kwa ujumla wake kabla ya kulichambua.

3.0 Sikio la bibi kizee

Alipokuwa akimpasua zimwi, Masala Kulangwa alimkata sikio bibi kizee aliyekuwa tumboni. Bibi alikasirika na kutaka kulipiza kisasi. Kijana alilazimika kutafuta dawa na kumponya. Ndipo akafanywa mtemi. Anayekifupisha kisa kwa ajili ya darasa hushawishika kuiacha sehemu hii, kwa kuwa inapunguza ushindi. Kuiacha ni kumgeuza kuwa Superman mwingine. Superman huzaliwa na nguvu zake; katika Kisukuma masala ni akili, na kulangwa ni kufundishwa. Shujaa huyu hukosea, husahihishwa na mama, hujaribu tena, na huwajibika kwa jeraha alilosababisha hata katika kuokoa. Mtoto anayejikwaa kwenye silabi anajiona humo.

4.0 Hitimisho

Kisa kikigeuzwa zoezi la silabi tupu, hamu ya kujua kama safari hii ndiye hupotea, na hamu hiyo ndiyo hufunua ukurasa unaofuata. Inapendekezwa wanachuo wa ualimu wa Butimba wakusanye masimulizi ya wazee, wayalinganishe na hifadhi ya utamaduni wa Wasukuma iliyoko Bujora, Kisesa, kisha waandae vijitabu vyenye mnyama mmoja katika kila ukurasa, na sikio la bibi likiwemo.