Dhamana ya Mkopo Kisauni: Kutoka Hatimiliki Hadi Laini ya Simu

Nyumba ya Kiswahili huku Kisauni, Mombasa, huwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani jiko na choo. Mwenyewe huijenga kwa miaka: mwaka huu mawe, mwaka ujao mabati, saruji ikipatikana. Akishamaliza, anaweza kuipangisha, kuiuza au kuwarithisha wanawe. Asichoweza ni kuipeleka benki akachukulia mkopo. Kiwanja si chake. Kuta ni zake, ardhi ni ya mwenye shamba, na kila mwezi kodi ya kiwanja inadaiwa.

Anayetaka kujua kwa nini mashirika ya serikali yamekuwa yakija na fedha za wafanyabiashara wadogo, moja baada ya jingine, na Kisauni ikabaki na kiu, na aanzie kwenye kiwanja hicho. Kila shirika limekuja na swali lilelile: una dhamana gani?

Jibu lilianza kuharibika mwaka 1908. Serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na kila mwenye dai akatakiwa ajitokeze athibitishe. Waliojua njia za ofisini, wengi wao familia za Kiarabu, za Waswahili na za Kihindi, walipata hati. Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo, wengi waliambulia patupu. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Hivyo ndivyo watu walivyogeuka maskwota mahali walipozikwa babu zao.

Miaka thelathini na mitatu kabla ya sheria hiyo, Kisauni ilikuwa imewahi kuona utaratibu tofauti. Mwaka 1875 wamisheni wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walianzisha kijiji cha Freretown kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, karibu na pale panapoitwa Kengeleni hadi leo. Baadhi ya waliokisimamisha kijiji walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, karibu na Bombay, wakarudi na ufundi wa useremala na uhunzi. Mtu alipewa kipande cha ardhi, akafundishwa kazi. Sisemi kwamba ilikuwa pepo. Nidhamu ya wamisheni ilikuwa kali. Lakini mahali pa kufanyia kazi palitangulia, fedha zikafuata.

Mikopo ya serikali yenyewe ilikuja katikati ya miaka ya 1950, kupitia bodi za pamoja za serikali kuu na mabaraza ya miji na wilaya. Zilikopesha wachuuzi Waafrika, fedha kidogo kwa watu wachache. Baada ya uhuru kazi kubwa ikashikwa na ICDC, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1954 na ambalo sasa lilipewa jukumu la kuwaingiza Waafrika kwenye maduka na viwanda. Mwaka 1967 mambo mawili yakatokea kwa mpigo. Sheria ya leseni za biashara iliwabana wasio raia katika baadhi ya maeneo na bidhaa, na ICDC ikazaa Kenya Industrial Estates, KIE.

KIE ilikuwa na wazo ambalo mpaka sasa naliona ndilo bora kuliko yote yaliyofuata. Kama mjasiriamali hana hati, basi mpe banda na mashine, na mashine hiyo ndiyo iwe dhamana. Mabanda yakaanzia Nairobi, yakafika Mombasa, Nakuru, Kisumu na Eldoret. Kasoro yake ni kwamba ilimtazama mwenye kiwanda kidogo, mtu wa mahesabu na wafanyakazi. Fundi wa kuchomelea mageti kando ya barabara ya Mlaleo hakuwa kwenye picha. Wala mama wa mahamri.

Wakati huo Kisauni ilikuwa inabadilika. Kivuko cha Nyali kilikuwa na daraja la kuelea tangu 1931. Mwaka 1980 likafunguliwa la zege, na watu wa kisiwani waliochoshwa na kodi za nyumba wakahamia ng'ambo. Bakarani, Mishomoroni, Mtopanga na Kiembeni zikajaa. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 291,930 katika kaunti ndogo ya Kisauni, wengi kuliko kaunti ndogo nyingine yoyote ya Mombasa, na hapo Nyali, pamoja na soko la Kongowea, imeshakatwa ikawa eneobunge linalojitegemea tangu 2013.

Wakati KIE inajenga mabanda yake, jua kali, yaani mafundi na wachuuzi wa kando ya barabara, ilikuwa bado ni ya kufukuzwa na askari wa baraza. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 ndiyo iliyowaambia wakubwa wa Nairobi kwamba watu hawa wanazalisha, wanaajiri na wanastahili kusaidiwa. Serikali iliwaza zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1985 Rais Moi akawatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuwaahidi mabanda; sera zikaandikwa mwaka 1986 na 1992.

Swali la dhamana likajibiwa kwa njia nyingine: jirani. Utaratibu wa Grameen wa Bangladesh, wa wanakikundi kudhaminiana, uliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia mashirika yasiyo ya serikali, na serikali ikauiga. Mfuko wa Vijana ulioanzishwa 2006 kwa shilingi bilioni 1 ulikopesha vikundi shilingi 50,000 kwa kuanzia. Mfuko wa Wanawake ukafuata 2007. Kisha Mfuko wa Uwezo, kutokana na shilingi bilioni 6 zilizotengwa kwa duru ya pili ya uchaguzi wa 2013 ambayo haikufanyika.

Kwa mama wa Junda au Magogoni, Uwezo ulianzia kwenye makaratasi. Cheti cha usajili kutoka idara ya huduma za jamii, katiba ya kikundi, akaunti ya benki, kumbukumbu za vikao, na ushahidi kwamba wanachama huchangishana kila mwezi. Kwa hiyo chama chenye mweka hazina mwenye mwandiko mzuri kilikuwa na bahati kuliko chama chenye biashara nzuri. Na mmoja akitoweka na deni, wenzake ndio wanaolipa, na kwenye harusi ya mtaani kuna watu hawasalimiani.

Sheria ya Biashara Ndogo ya 2012 ndiyo iliyoleta mamlaka mahususi, MSEA. Ilimpa jina rasmi mtu wa kawaida: ilipopitishwa, aliyeuza mali isiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka na kuajiri watu wasiofika kumi alihesabiwa mfanyabiashara mdogo kabisa. MSEA husajili vyama vya mafundi na kusimamia mabanda, yakiwemo yaliyojengwa katika maeneobunge kwa fedha za kuchochea uchumi za 2009 na 2010. Mengi nchini yalikaa miaka bila umeme wala mashine. Banda bila umeme halichomelei geti.

Mwaka 2017 bunge likapitisha sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa rehani na kusajiliwa: pikipiki, cherehani, ng'ombe, mashine ya kuchomelea. Kwa Kisauni, kwenye nyumba bila ardhi, hii ilikuwa habari kubwa kuliko mfuko wowote, na sijawahi kuona mwanasiasa akiizungumzia jukwaani.

Jukwaa lilikuwa la Hustler Fund, mfuko wa serikali uliozinduliwa Novemba 30, 2022. Piga *254#, ukope kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, ulipe kwa siku 14. Asilimia 5 inakatwa na kuwekwa akiba. Hakuna hati, hakuna jirani. Dhamana ni laini ya simu. Lakini wengi waliofungua walikuta kiwango chao ni zile 500, ambazo ni unga na mafuta ya mahamri ya asubuhi mbili, ukibana. Na wengine waliona hakuna wa kuwagongea mlango, wakanyamaza bila kulipa.

Juni 2023 serikali ikaongeza mkopo wa vikundi, shilingi 20,000 hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 7. Vikao, katibu, saini na mwenzako wa kukudhamini vikarudi mezani. Huku Kisauni, chama kilichotunza daftari lake tangu enzi za Uwezo kilikuwa na pa kuanzia.