Nani Alipata Doktora? Masomo Makubwa juu ya Desturi za Katanga

Mara kwa mara mwanaseminari anayemaliza filozofia huchagua kuandika kazi yake juu ya desturi za kabila lake: ndoa, matanga, mizimu, mithali. Ni vema. Lakini yafaa ajue kwamba wengine walipita njia hiyo mbele yake, na kwamba mara nyingi maneno yalitoka Katanga, lakini heshima ya elimu ilikwenda kukaa mbali.

Wa kwanza kati yetu alikuwa mwanaseminari. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alisoma kwa Mapadri Weupe karibu na ziwa Tanganika. Alikuwa bado hajapewa upadri alipoandika kwa Kifaransa maelezo juu ya akili na moyo wa Wabantu, nayo yakapigwa chapa Ubelgiji mwaka 1910 na 1911 katika La Revue congolaise, kwa msaada wa Padri Vermeersch, Myezuiti. Mwaka 1917, kule Baudouinville, akawa padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati zetu. Tazameni sasa miaka: universite ya Lovanium ilianza mwaka 1954, na ile ya Elisabethville, yaani Lubumbashi, ikafungua milango mwaka 1956, wanafunzi wake wengi wakiwa Wazungu. Kwa muda mrefu seminari kubwa peke yake ndiyo iliyompa Mkongo masomo makubwa. Ndiyo maana mwaka 1960 inchi ilikuwa na mapadri wazalendo kwa mamia, lakini wenye diploma ya universite hawakufika 30. Tusiwasifu mamisionari kupita kiasi, kwani walitafuta mapadri, hawakutafuta wataalamu. Serikali na makompani, wao, walitafuta makarani na wafanyakazi.

Mwaka 1945 kikatokea kitabu ambacho kila mwanaseminari amekisikia. Padri Placide Tempels, Mfransisko, aliyekaa na Waluba wa Katanga, alitoa hapa Elisabethville kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu. Muhashamu de Hemptinne, aliyesimamia Kanisa la Katanga, hakukipenda hata kidogo, na mwaka 1946 Tempels akarudi Ubelgiji, akakaa huko miaka mitatu. Kitabu kilikuwa na ujasiri: kilimwambia Mzungu kwamba mtu mweusi anafikiri kwa utaratibu. Lakini kilisemwa kwa Wazungu, juu yetu. Wazee Waluba waliojibu maulizo ya padri jioni kwa jioni, msomaji hawajui kwa majina. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kitabu chake mwaka 1956, akiitafuta filozofia ndani ya lugha yenyewe ya watu wake. Kwetu sisi, huo ndio ulikuwa mwanzo wa majibu.

Tempels aliporudi Katanga, Jamaa ikazaliwa kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao. Hapa historia yetu yagusa jambo lenyewe la masomo ya doktora. Mwaka 1966 na 1967 kijana Mjerumani, Johannes Fabian, alikuja kusikiliza watu wa Jamaa, waliosema naye Kiswahili. Mwaka 1969 akapata doktora Chicago, na mwaka 1971 kikatoka kitabu. Baba na mama wa Jamaa walibaki migodini. Hatusemi aliiba. Zaidi ya hayo, Fabian mwenyewe aliona ubaya huo: baada ya kufundisha Lubumbashi mwaka 1972 hadi 1974, alitoa mwaka 1983 kitabu kinachowalaumu wataalamu wenzake kwamba hukaa na watu siku moja, chini ya paa moja, kisha huandika kana kwamba watu hao waishi katika zamani za mababu.

Wakati huo Lubumbashi ilikuwa imepata nguvu. Mwaka 1971 serikali iliunganisha universite zote, na masomo ya lugha, historia na desturi yakaletwa hapa. Profesa V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Jadotville, yaani Likasi, aliyepita kwanza kwa watawa Wabenedikto, alifundisha hapa. Lakini utawala wa Mobutu uliwachosha wasomi. Mudimbe akahamia Marekani, na kitabu chake kikubwa juu ya namna Wazungu walivyoitunga Afrika kilitoka huko mwaka 1988. Alifia huko mwaka 2025. Mwezi wa Mei 1990 wanafunzi wa Lubumbashi walishambuliwa usiku ndani ya kampasi yao, na hesabu ya waliokufa yabishaniwa hata leo. Maskini universite!

Twataka kukumbusha andiko moja lisilo na diploma. Mwaka 1965 André Yav, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya mji huu tangu wakati wa Leopold, na aliiandika kwa Kiswahili cha mji, kile kile tunachokisikia sokoni Kenya na Katuba. Boyi alikuwa amemtazama bwana wake mezani kwa miaka mingi. Sasa yeye ndiye aliyeandika. Fabian alilipiga chapa mwaka 1990, Kiswahili pamoja na Kiingereza. Baadaye, tangu mwaka 2000, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa universite yetu walikusanya ukumbusho wa watu wa Lubumbashi, wakauonyesha tena kwa wenyeji katika Muzeo ya mji.

Basi, fratri anayeandika juu ya matanga ya kwao afanye hivi: kabla kazi haijafika kwa maprofesa, airudie kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kijiji, mbele ya wale waliomfundisha, na majina yao yawe ndani kama wakikubali. Mzee mmoja atamkatiza katikati na kusema: hapa hukusikia vizuri, andika tena.