Herufi Zilizobaki Nje ya Mlango

Mwaka 1963 Marekani ilichapisha sanifu ya ASCII, yenye nafasi 128 zilizopangwa kwa mahitaji ya Kiingereza. Kiswahili cha herufi za Kilatini kilipenya. Kiarabu, na hata ũ ya Kikuyu, vikabaki nje. Unicode ilifungua mlango mwaka 1991, lakini programu za zamani hazikujirekebisha zenyewe. Python 3.0 ilipotoka mwaka 2008, matini zake zote zikawa za Unicode, na waandishi wa programu wakalazimika kupitia misimbo yao, wakitenganisha maandishi na baiti ghafi. Uangalizi wa Python 2 ulikoma Januari 2020, baada ya miaka 11 ya mpito. Mtumishi wa umma anayerithi mfumo mkongwe hana budi kuuliza kwanza iwapo unaweza kuandika jina la kila raia kama alivyopewa.