Kocha Akienda, Mshahara Ukibaki

Kila kocha akifutwa naona watu wakiuliza, sasa wachezaji watabaki kweli? Sisi wa Nakuru tulijibiwa hilo swali kitambo, pale Afraha.

Ulinzi Stars ni timu ya jeshi, iliundwa 1995. Ikachukua ligi mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005, halafu tena 2010. Makocha wamekuja wakaenda, hata Robert Matano alipita hapo, lakini mimi sijawahi kusikia kikosi kikihama kwa sababu ya kocha. Na si mapenzi, jamani. Mchezaji wa Ulinzi ni mwanajeshi. Akitundika viatu, kazi bado anayo.

Sasa linganisha na Gor Mahia. Dylan Kerr alibeba ligi 2018, Hassan Oktay 2019, Steven Polack 2020. Makocha watatu, miaka mitatu, na ubingwa haukuhama. Kilichotikisa kikosi ni pesa: SportPesa ilijiondoa 2019, mishahara ikakwama, na 2020 beki Joash Onyango akavuka mpaka kwenda Simba. Ati msaliti? Landilodi wako anapokea makofi ya mashabiki?

Lakini uaminifu wa Ulinzi nao una mwenyewe, na si sisi. Afraha ilipofungwa kwa ukarabati, timu ikaenda kuchezea uwanja wa jeshi kule Lang'ata, Nairobi. Wachezaji wakafuata kazi yao. Sisi wa jukwaani hakuna aliyetuuliza.