Mwethya

Mwethya ni kikundi cha kusaidiana kazi miongoni mwa Wakamba wa Kitui na Makueni. Zamani majirani waliitana kulima au kujenga nyumba. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliutumia utaratibu huo kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Wanachama wengi ni wanawake, nao huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Vyeo hivi si vya mapambo: asiyefika kazini bila sababu hutozwa faini. Huko Kitui, vikundi vilivyoshirikiana na shirika la SASOL, lililoanzishwa 1990, vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Wanawake husomba mawe, ukuta hukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake na kuhifadhi maji. Hati za mashamba yaliyo kandokando ya mito hiyo, hata hivyo, nyingi zina majina ya wanaume.